Kibaya Chajitembeza: Je, Dunia Imekwisha Kweli?



Tunapokutana katika jumuiya zetu ndogo ndogo, iwe Manundu au Mombo, iwe Chanika, Kabuku au Mkata, sala ikiisha na maongezi yakianza, neno la kwanza aghalabu ni moja: dunia imekwisha. Mzee anatikisa kichwa na kusema kwamba zamani haikuwa hivi. Mama anasimulia aliyoyasikia redioni asubuhi. Kijana anatoa simu mfukoni na kuonyesha picha ambayo isingefaa kuonwa na mtoto. Kisha kila mmoja anarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba leo ni mbaya kuliko jana, na kwamba kesho itakuwa mbaya zaidi.

Sisi tunaoandika kurasa hizi nasi tumekuwa tukisema hivyo hivyo. Twakiri. Lakini Tume ya Haki na Amani haiwezi kufanya kazi yake ikiwa haijui hali ilivyo kweli, na tumeanza kushuku kwamba katika jambo hili tumekuwa mashahidi wabaya. Si kwamba tunasema uongo. Tunasema kweli tuliyoisikia, ila tuliyoisikia ni kipande tu, na kipande chenyewe kimechaguliwa na watu wengine kwa sababu zao.

Tuanze na jambo lililotokea hapa hapa petu. Usiku wa Februari 3, 2023, wilayani Korogwe, basi dogo lililokuwa likisafirisha maiti na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi liligongana na lori. Watu 17 walifariki papo hapo, na wengine baadaye kutokana na majeraha. Taifa zima lilipata habari ile kabla ya jua kuchomoza, na ilikuwa haki lipate. Watu waliokwenda kuzika wakawa wao wa kuzikwa. Ni nani asiyeguswa? Hadi leo wengi wetu tukipanda gari usiku kuelekea Segera au Mombo, ajali ile inatujia akilini kabla gari halijaondoka.

Sasa fikirini wiki ile ile katika zahanati za wilaya hiyo hiyo. Watoto walipelekwa na mama zao wakiwa na homa. Wakatobolewa kidole, damu ikapimwa, waliokutwa na malaria wakapewa dawa mseto, wakarudi nyumbani, na baada ya siku chache wakawa wanafukuza kuku uani. Hakuna mwandishi wa habari aliyekwenda kuyaandika hayo. Wala tusimlaumu, maana angeandika nini? Kichwa cha habari kisemacho kwamba mtoto fulani hakufa hakijapata kuuza gazeti. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walikuwa wakisema juu ya bidhaa na juu ya tabia za watu, lakini katika mambo ya habari methali hii yatimia nusu tu. Kibaya kweli chajitembeza, tena siku hizi chatembea kwa simu. Chema kinakaa kimya kule zahanati, na hakijiuzi hata kidogo.

Wazee wa Korogwe hawahitaji kufundishwa malaria ni nini. Wanakumbuka degedege, wanakumbuka watoto waliokuwa weupe viganjani kwa kukosa damu, wanakumbuka klorokwini na uchungu wake. Mwaka 2003 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walianza kufuatilia vijiji viwili vya wilaya hiyo, kimoja cha tambarare na kimoja cha mlimani. Walipima damu za watu mwaka baada ya mwaka, na wahudumu wa afya waliofunzwa wakawatibu wenye homa kijijini kwao. Katika kijiji cha tambarare, mwaka ule wa 2003, kati ya kila watu 100 waliopimwa, 78 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Ilipofika 2008 walikuwa 13. Kule mlimani walishuka kutoka karibu 25 hadi 3. Homa za malaria zenyewe katika vijiji hivyo zilipungua kwa karibu asilimia 85.

Tunaomba msomaji arudie tarakimu hizo polepole. Ugonjwa uliokuwa umewakaa watu watatu katika kila wanne ulikuja kubaki kwa mtu mmoja katika kila saba au wanane, ndani ya miaka mitano, katika kijiji chetu wenyewe. Ni nani kati yetu aliyepata kusikia jambo hili likitajwa katika maongezi baada ya sala? Sisi tumeishi katikati yake na hatukuliona. Lilikuja taratibu mno. Halikuwa na siku yake. Hakuna Jumatatu ambayo malaria ilipungua.

Na si malaria peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 43. Watoto 43 si idadi ya kushangilia. Kila mmoja ana mama. Lakini tofauti ya hesabu hizo mbili ni watoto 104 katika kila elfu, ambao kwa hali ya zamani wangelala makaburini, na leo wamo darasani, wanachunga mbuzi, wanaimba kwaya, wengine wanatuchosha kwa kelele wakati wa mahubiri.

Mzee wetu anaposema zamani haikuwa hivi, basi, asema kweli. Ilikuwa mbaya zaidi kwa mtoto mchanga. Ila kumbukumbu zina huruma ya ajabu kwa mambo ya kale. Tunakumbuka kwamba tulikuwa vijana, magoti hayaumi, na mkonge unalipa. Hatukumbuki kwa uzito ule ule vijeneza vidogo.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1973 Amos Tversky na Daniel Kahneman, wazaliwa wa nchi ambayo leo ni Israeli, walieleza kwamba mtu akitakiwa kukadiria kitu hutokea mara ngapi, hafanyi hesabu. Hutazama tu ni kwa wepesi gani mifano inamjia akilini. Kinachokuja upesi hukiona kingi, na kinachochelewa hukiona kichache. Hakuna ubaya katika akili ya namna hiyo ikiwa mifano yote inatoka kijijini mwako. Babu zetu wa Kizigua walisikia habari za mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu, na mifano waliyokuwa nayo ilifanana na maisha yao. Sisi tunapata mifano kutoka duniani kote, na kila mmoja umechujwa hadi umebaki wa kutisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku hizi hata asiyeumwa hushtuka, kwa sababu ameonyeshwa picha za nyoka mchana kutwa.

Wala si wasiosoma tu wanaodanganyika. Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi Msumbiji, alikuwa na desturi ya kuwauliza watu maswali mepesi juu ya hali ya dunia. Mwaka 2017 watu wa nchi 14, nyingi zikiwa tajiri, waliulizwa kama katika miaka 20 iliyotangulia sehemu ya watu wa dunia wanaoishi katika umaskini wa kupindukia ilikuwa imekaribia kuongezeka mara mbili, imebaki ile ile, au imepungua kwa karibu nusu. Jibu sahihi lilikuwa la mwisho. Waliolipata walikuwa asilimia 7 tu. Rosling alipenda kusema kwamba sokwe akichagua bila kufikiri angepata theluthi moja, hivyo akawashinda maprofesa.

Hapo mtu angeweza kusema: sawa, tumekosea hesabu, na tumwachie kila mtu huzuni yake, kwani inamdhuru nani? Tungekubaliana naye kama hofu ingekuwa inakaa kifuani na kutulia. Haitulii. Inatafuta mtu wa kumshika.

Jumamosi ya Oktoba 1, 2016, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walikuwa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa katika kazi ya utafiti wa udongo. Ilivuma kwamba wanyonya damu wameingia kijijini. Watu wakakusanyika na silaha za jadi. Wale watatu wakauawa, na gari lao likachomwa moto. Kwa taarifa za polisi zilizoripotiwa wakati ule, tangazo la kwamba wanyonya damu wamefika lilitolewa kwa kipaza sauti cha kanisa.

Tumeandika sentensi hiyo ya mwisho kwa uchungu, na tunaomba isirukwe. Hatuwahukumu Wakristo wa kijiji kile kana kwamba sisi ni wa udongo mwingine. Hofu ya mumiani ni ya kale katika pwani yetu yote. Tangu enzi za mkoloni, katika miji ya Afrika Mashariki, watu wa zimamoto walidhaniwa kuwa wanyonya damu, na watoto walionywa wasiwasogelee. Hofu hiyo ilikuwa na mizizi katika mambo ya kweli: serikali ya wageni iliyochukua ardhi, kodi na nguvu za watu ilikuwa kweli inanyonya. Lakini wale watatu wa Selian hawakuwa wamechukua chochote isipokuwa udongo, tena kwa faida ya wakulima.

Tuwaweke kando kwa kando na watafiti wale wa Korogwe. Wale wa Chamwino walifuata udongo, wakauawa kwa kudhaniwa wanataka damu. Wale wa Korogwe walitaka damu kweli, damu ya watoto wetu, na mama zao wakaikubali sindano ile ndogo ya kidoleni. Kama mwaka 2003 mtu mmoja mwenye kipaza sauti angesema neno moja katika vijiji vile viwili, tusingekuwa na tarakimu tulizozitaja hapo juu. Tungekuwa na makaburi mengine na kesi nyingine mahakamani. Kadhalika, watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mnamo Oktoba 2021 kwa watoto wa Afrika. Akina mama waliokubali jambo lile hawajaandikwa popote kwa majina. Walikuwa na ujasiri wa kumwamini mgeni mwenye sindano, na hofu zote za pwani wakizijua.

Kuna methali nyingine tunayoipenda kupita kiasi: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Huitumia mtu asiyetaka kwenda kuuliza. Katika Chamwino lililosemwa halikuwapo, wala halikuwa likija.

Nasi tuangalie karibu zaidi. Wilayani Handeni na jirani zetu wa Kilindi tunajua visa vya wakulima na wafugaji. Shamba la mtu mmoja likilishwa na ng'ombe, habari hufika mbali, na haki ya mkulima yule lazima itetewe. Lakini jioni ile ile maelfu ya ng'ombe wamerudi zizini bila kugusa hindi la mtu, na hilo halisimuliwi. Baada ya visa vitatu au vinne kila mfugaji anakuwa mvamizi, na kwa upande wa pili kila mkulima anakuwa mwenye panga. Tangu Juni 2022, tena, kijiji cha Msomera kimepokea familia zilizohamia kutoka Ngorongoro. Ambao hawajafika Msomera wanazo picha mbili zake, moja ya peponi na moja ya jehanamu, na wanagombana kwa picha hizo. Palipo na watu pana maswali: ya ardhi, ya maji, ya haki ya waliokuja na haki ya waliokuwapo. Maswali hayo yanahitaji kusikilizwa moja moja, kwa mkutano na kwa hati, na hayawezi kusikilizwa na mtu ambaye amekwisha kuogopa.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba Tume imegeuka msemaji wa wakubwa, kwamba tunawaambia maskini watulie kwa kuwa hesabu zinapendeza. Pingamizi hili ni zito na tunaliheshimu, maana wapo viongozi ambao wangependa kila habari mbaya iitwe uchochezi. Hatuko upande wao. Habari mbaya iliyo kweli ni huduma ya haki. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC hapa nchini, alikwenda kwa waganga akijifanya mfanyabiashara, akafichua biashara ya viungo vya ndugu zetu wenye ualbino, akatishiwa maisha kwa ajili hiyo. Bila waandishi wa namna yake mauaji yale yangeendelea gizani. Tunachokilalamikia ni kitu kingine: habari isiyo na mahali wala tarehe, picha ya nchi nyingine iliyoandikwa jina la kwetu, na kile kichwa cha habari cha wino mwekundu ambacho ndani yake hamna kitu.

Tena, kukata tamaa hakumtetei maskini. Turudi kwenye malaria. Nchini Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea katika vipimo vya uchunguzi wa kitaifa walikuwa takribani 18 katika kila 100 mwaka 2008. Mwaka 2012 walikuwa nusu ya hao. Kisha katika uchunguzi wa 2015 na 2016 wakapanda tena hadi 14. Kati ya nyakati hizo mbili za mwisho, kaya zenye angalau chandarua kimoja chenye dawa zilishuka kutoka 91 katika kila 100 hadi 66. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee, lakini chandarua kilichotoboka na kugeuzwa uzio wa bustani hakimkingi mtoto. Baadaye hesabu zilishuka tena, zikafika 7 mwaka 2017 na 8 mwaka 2022. Ndiyo kusema nafuu tuliyoipata si zawadi iliyokwisha kutolewa. Inashikiliwa kwa mikono kila msimu wa mvua. Na mtu aliyeaminishwa kwamba mambo yote yanaharibika, na kwamba hakuna lililowahi kufaulu, atashikilia kitu gani? Hatauliza kwa nini dawa zimekwisha zahanati, kwa kuwa haamini kwamba zilipata kuwapo. Hatamdai diwani maji, kwa kuwa amekwisha kusema ndivyo Handeni ilivyo tangu zamani.

Aliyeona malaria ikishuka kutoka 78 hadi 13 anayo haki ya kudai, na anajua cha kudai. Kwa nini 13 isiwe 2? Kwa nini zahanati ya kijiji chetu isiwe na kipimo mwezi huu, ilhali mwezi uliopita kilikuwapo?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya mambo machache, na tunayaomba kwa unyenyekevu maana sisi wenyewe hatujayazoea.

Mtu akileta kikaoni habari ya kutisha, aulizwe imetokea wapi, lini, na ni nani aliyeiona kwa macho. Aulizwe kwa heshima, kama tunavyomuuliza mgeni habari za atokako. Ikiwa hajui, habari hiyo isirudiwe na isipelekwe katika kundi la simu la parokia, hata kama aliyeileta ni katekista, hata kama ni mmoja wetu katika Tume.

Kipaza sauti cha kanisa na cha kigango kiwe na mtu mmoja anayewajibika nacho. Asitangaze jambo lolote linalohusu hatari ya watu wageni kabla ya kuonana na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Tunajua kwamba sharti hili litawachelewesha watu siku ambayo hatari ni ya kweli. Tumelifikiria hilo, na bado tunaona dakika chache zile ni bora kuliko yaliyotokea Chamwino.

Ombi la mwisho ni la Halmashauri za Walei. Kila parokia ya zamani ina daftari la vifo. Kabla ya mkutano wa robo mwaka ujao, kwa idhini ya Baba Paroko, watu wawili wenye macho mazuri wakae na daftari hilo, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Wahesabu watoto wa chini ya miaka mitano waliozikwa katika miaka kumi ya tangu 1985 hadi 1994, kisha waliozikwa katika miaka kumi iliyopita, wakikumbuka kwamba waamini wameongezeka sana kati ya nyakati hizo mbili. Wasisome majina mbele ya watu, kwa kuwa wazazi wengi wangali hai na wanakaa nasi katika mabenchi yale yale. Hesabu tu ziandikwe ubaoni, zote mbili, kabla ya mtu yeyote kuanza kusema hali ya dunia, na daftari lirudishwe kabatini jioni hiyo hiyo.